Upande wa Uganda

Kila asubuhi, kabla wateja hawajajaa, Nerima alianza kazi yake kwa namna ileile. Alipangusa mito ya hedfoni kwa kitambaa chenye maji kidogo, akazitundika kwenye misumari nyuma ya kaunta, kisha akazivaa moja baada ya nyingine kuhakikisha hakuna iliyokufa sikio. Nje, Busia ilikuwa imeshaamka na kelele zake zote: wabadilishaji pesa wakiita wateja, malori yakinguruma kuelekea mpakani, mama muuza samaki wa omena akigombana na mwenye mkokoteni. Nerima hakusikia hata moja. Alikuwa amefumba macho, hedfoni masikioni, akisikiliza mtu wa kwenye gemu akitembea juu ya changarawe. Hatua zilitokea kushoto, zikapita nyuma ya kisogo chake, zikaanza kusogea kulia.

Zikakatika ghafla.

Alifumbua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, amevaa kizibao cha njano kinachong'aa kama wavaavyo makarani wa mizigo mpakani, kalamu mbili mfukoni. Mkononi alishika ncha ya waya aliyokuwa ameichomoa.

"Samahani, dada. Nimekuita mpaka majirani wakaitika."

"Si ungenigusa bega?"

"Nimguse bega msichana nisiyemjua, hapa Busia? Watu wa soko hili wangenirudisha Malaba kwa machela."

Nerima alitaka kucheka, akauma mdomo. Alikuwa na haya ya kuzaliwa nayo. Chuoni, alikosomea umeme na mitambo ya sauti, mwalimu alizoea kumwambia ajibu kwa nguvu ili hata kuta zisikie.

"Unatafuta nini?"

"Hedfoni ya gemu. Yangu ilianguka barabarani ikakanyagwa na trela. Dereva hata hakujua. Alivuka Uganda anapiga mluzi." Aliitazama misumari. "Nataka saraundi, ile sauti inayokuzunguka pande zote. Rafiki yangu Hillary ameniambia nisipopata saraundi nisirudi."

Nerima akamtolea zote mbili, ya saraundi iliyokuwa na taa za rangi pembeni, na ya stirio, nyeusi, isiyo na pambo lolote. Kijana akaichukua ya taa, akaigeuzageuza. Kisha akamwangalia Nerima.

"Wewe ungechagua ipi?"

"Zote ni nzuri."

"Hilo ni jibu la duka. Nataka la kwako."

Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. Nerima alishika ukingo wa kaunta. Kusema hakuweza, kwa hiyo akafanya lile alilokuwa akilijua zaidi. Alimvutia kiti kwenye meza ya majaribio iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akamwambia akae aitazame skrini, kisha afumbe macho.

"Ukisikia hatua, nyoosha kidole zinakotoka."

Kwanza alimvika saraundi. Kidole cha kijana kilizunguka kama cha mtu anayetafuta nzi gizani. Kilielekea kwenye rafu ya birika za umeme, kikapanda darini, kikarudi. "Mtu huyu anatembea ndani ya tangi la maji," alilalamika. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama mlangoni wakacheka. Kisha Nerima alimvika stirio. Safari hii kidole hakikutangatanga. Kushoto. Kulia. Kushoto tena. Halafu kikanyooka moja kwa moja mbele, alikokuwa amesimama Nerima kando ya skrini, kikabaki hapo.

"Yuko hapa," alisema kijana. "Mbele yangu kabisa."

Alifumbua macho. Nerima aliona joto likimpanda shingoni mpaka kwenye kilemba chake cha kitenge.

"Saraundi ya namna hii inajifanya ina spika nyingi," alisema haraka, akiitazama sakafu. "Kwa sinema ni tamu. Inajaza kichwa. Lakini mtu akitaka kujua adui yuko wapi, stirio haimdanganyi. Inampa kushoto na kulia kama mchezo ulivyozitoa, basi."

"Basi Hillary atanisamehe." Kijana alitoa simu. "Naitwa Omuse. Na wewe, mwenye masikio?"

* * *

Omuse alimpigia jioni ileile, kisha kesho yake, kisha ikawa Nerima akifunga duka anatazama simu kwanza kabla ya kutafuta kufuli.

"Mulembe, Sikio langu," Omuse alimsalimia kwa lugha ya kwao Nerima.

"Yoga," Nerima alimjibu kwa lugha ya kwao Omuse. "Na usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Hillary anasema nimerogwa na mwanamke wa Busia. Nimemwambia hapana, nimetengenezwa kusikia."

"Umekula?"

"Unaona? Mimi naleta mashairi, yeye analeta chakula. Nimekula, mpenzi. Wewe je?"

Siku za mapumziko alikuja Busia, amevua kizibao, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Walitembea kandokando ya soko wakila mahindi ya kuchoma, na Omuse akaongea kwa niaba ya wote wawili. Nerima alizoea kujibu "sawa tu." Wale nyama? Sawa tu. Wakae kivulini? Sawa tu. Lakini siku moja alishika simu ya Omuse wakati akicheza, akaua maadui watatu mfululizo bila kutoa sauti, na Omuse akabaki mdomo wazi na punje za mahindi ulimini.

Mwenzake Omuse wa timu alikuwa amehamia Eldoret. Mashindano ya wawili wawili ya mpakani yalikuwa karibu, na mshindi angekwenda Kisumu. Kwa hiyo Omuse akamwomba Nerima, na Nerima akasema sawa tu, ila moyo wake uliruka kama samaki ndani ya karai.

Walifanya mazoezi kwa mtandao, Omuse akiwa kwenye chumba cha gemu cha Hillary kule Malaba, Nerima akiwa kwenye meza ya majaribio dukani. Kazi ya Omuse ilikuwa kuita. Yeye ndiye aliyesikiliza na kupanga. Watu wa Malaba walimpa jina la Rada. Kazi ya Nerima ilikuwa kugeuka haraka na kupiga. Omuse alimfundisha namna watu wa Malaba wanavyoitana ndani ya gemu.

"Sisi hatusemi kushoto wala kulia. Mtu akiwa na presha anasahau mkono wake. Sisi ni Uganda au Kenya. Nikiita Uganda, wewe geuka upande wa Uganda. Umeelewa?"

"Nimezaliwa Busia, Omuse. Nani atanionyesha Uganda?"

"Basi kwisha."

Na kweli ilikwisha. Akiita Uganda, Nerima aligeuka, na adui alikuwa pale. Akiita Kenya, adui alikuwa pale.

Siku moja, katikati ya mazoezi, Omuse aliacha kuita maadui. Nerima akadhani mtandao umepotea.

"Mama anataka kukuona," alisema. "Jumapili baada ya fainali. Nyumbani Amukura. Ameshamtenga jogoo. Wewe unajua kwetu mtu akipelekwa kwa mama, na jogoo ametengwa, watu wanaelewa nini?"

Nerima alijua. Kwao pia watu wangeelewa hivyohivyo. Alitaka kusema neno kubwa, lililojaa kifua kizima.

"Sawa tu," alisema.

Kesho yake alinunua kitenge cha samawati chenye maua meupe, akampelekea fundi amshonee gauni.

* * *

Wiki ya fainali, Robinson aliingia dukani. Robinson alikuwa kinara wa gemu wa Busia, kijana wa viatu vyeupe na manukato yanayomtangulia mlangoni. Walisoma pamoja shule ya msingi, na zamani aliwahi kumwandama Nerima mpaka kila mtu mtaani akajua, ingawa hakuambulia kitu.

"Mrembo, nipe hedfoni kali kuliko zote."

"Ya gemu? Stirio hii ni..."

"Stirio ni ya wazee wa kusikiliza habari. Nipe ile ya taa. Saraundi."

Nerima aliiteremsha ile ya taa. Hakuwa mtu wa kubishana na mteja. Akamfungia saraundi, akapokea pesa. Jioni Omuse alipopiga, alifikiri kumwambia, lakini Omuse alikuwa akielezea jinsi mama yake alivyofagia ua mara mbili siku moja. Nerima hakutaka kuliingiza jina la Robinson katika furaha ile. Akaliacha lipite.

Fainali ilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli moja ya Busia, mwendo mfupi kutoka mpakani. Meza ndefu ilikuwa katikati, skrini zimepeana migongo, hivi kwamba timu mbili zikikaa zinatazamana juu ya mashine. Watu walijaa mpaka madirishani. Malaba walikuwa wamekuja na filimbi na vuvuzela. Busia walikuwa na midomo yao.

"Rada, leo utaita mama yako!"

"Nyinyi wa Busia, hata mbuzi zenu zinacheza gemu kuliko nyinyi!"

Kabla ya mechi ya kwanza Hillary, mfupi, sauti kama ya mnadi, alimletea Omuse saraundi yake. "Buda, vaa hii. Robinson ana saraundi. Usiende vitani na fimbo mwenzako ana bunduki."

Omuse alimtazama Nerima. Nerima alitikisa kichwa kidogo sana, lakini Omuse aliona. Akavaa stirio.

Mechi za asubuhi walikaa upande wa mlango, wakishinda kama wanaopepeta mchele. Omuse aliita, Nerima akageuka, adui akaanguka. Alasiri ikaja fainali yenyewe. Sarafu ikarushwa, Robinson akashinda, akachagua kukaa upande wa mlango. Kwa hiyo Omuse na Nerima wakazunguka meza, wakakaa viti vya ng'ambo, wakiuelekea ule ukuta waliokuwa wameupa mgongo asubuhi. Dirisha kubwa lilikuwa mkono wa kulia wa Nerima. Akitupa jicho aliona malori yamejipanga kuingia Uganda, jua linayamulika vioo.

Walipoteza raundi ya kwanza, Nerima asielewe kilichompata. Raundi ya pili wakaokoka kwa sababu Omuse alipiga mwenyewe. Raundi ya mwisho mwenzake Robinson alianguka mapema, na kila kitu kikabaki kwenye jumba moja la gemu: Omuse amejificha na kijeraha, Nerima mlangoni na bunduki, na Robinson mahali fulani, anatembea polepole.

Nerima alisikia hatua. Nyepesi, juu ya mbao. Kushoto. Alikuwa na uhakika kama alivyokuwa na uhakika wa jina lake.

"Uganda!" Omuse alipaza sauti. "Uganda, Nerima, Uganda!"

Malori yalikuwa kulia. Uganda ilikuwa kulia. Masikio yake yalisema kushoto, lakini Omuse alisema Uganda, na yeye ndiye Rada. Nerima aligeuka kulia.

Robinson alitokea kushoto. Skrini ya Nerima ikawa nyekundu, na ya Omuse ikafuata.

* * *

Kelele za Busia zilikaribia kung'oa mabati. Omuse alivua hedfoni taratibu, kama mtu anayevua kofia msibani. Hakumwangalia Nerima. Hillary alifika akihema.

"Nilikwambia! Nilikwambia saraundi! Lakini si hiyo tu. Umeona alivyogeuka? Umemwita waziwazi, ukumbi mzima umesikia, naye amegeuka upande mwingine. Mtu amempa adui mgongo, manze. Watu hawageuki hivyo kwa bahati mbaya."

"Hillary, nyamaza."

"Sinyamazi. Muulize Robinson alinunua wapi saraundi yake. Muulize."

Watu waliokuwa karibu walisogea ili wasikie. Robinson mwenyewe, amebebwa mabegani huko mbele, aliinua hedfoni yake ya taa akaipiga busu. Omuse alimgeukia Nerima, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane uso wake haukuwa na mzaha wowote.

"Alinunua wapi?"

"Dukani kwetu."

"Nani alimuuzia?"

"Mimi."

"Yeye ukampa saraundi. Mimi ukanipa stirio. Na hukuniambia."

Nerima alikuwa na maneno. Alitaka kusema kwamba Robinson alikataa kushauriwa. Alitaka kusema kwamba alisikia hatua kushoto. Lakini kusema hivyo mbele ya watu wote, mbele ya filimbi na vuvuzela za Malaba, ni kusema kwamba Rada wao ameita vibaya. Kwamba kosa ni lake. Aliutazama uso ule aliokuwa akiupenda, akaona hawezi.

"Nerima. Sema kitu."

"Samahani," alisema.

Omuse alilipokea neno hilo kama mtu anayepokea jibu aliloliogopa. Akachukua begi lake, akaondoka.

Jumapili ilifika. Kitenge cha samawati kilikuwa kimening'inia nyuma ya mlango, fundi alikishona kikakaa vizuri mno. Nerima aliketi kitandani, simu mapajani, mpaka kengele za kanisa za ibada ya pili zikalia. Hakuna aliyekuja kumchukua. Simu ililia katikati ya wiki, akiwa anapanga waya.

"Halo."

"Nerima." Sauti ya Omuse ilikuwa imekauka. "Mama anauliza."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia una kazi nyingi." Nyuma yake lori lilipiga breki za hewa. "Huku watu wanasema mengi. Wanasema wewe na Robinson mnajuana tangu zamani. Mimi sijasema. Nauliza tu, kuna kitu unataka kuniambia?"

Uliita vibaya, mpenzi wangu. Hilo tu ndilo alilotaka kusema. Lakini kazi ya kuita ndiyo iliyomfanya Omuse atembee Malaba kifua mbele, na kama angemnyang'anya hiyo, angembakishia nini?

"Hapana," alisema.

"Sawa," alisema Omuse, na laini ikakatika.

Dada Teresa, binamu mkubwa wa Nerima na mwenye duka, alikuwa amesikia upande mmoja wa mazungumzo, na ukamtosha.

"Wewe mtoto," alisema akipiga mahesabu kichwani na kumkaripia kwa wakati mmoja, "utazikwa na maneno yako mdomoni. Mwanamume amekuuliza. Mjibu!"

"Nikimjibu nitamwaibisha."

"Na usipomjibu atakuacha. Chagua."

* * *

Mvua ilinyesha, bati la duka likavuja upande wa meza ya majaribio. Teresa akaamuru meza ihamishwe ukuta wa mkabala. Nerima na fundi wa jirani wakaibeba, wakaigeuza, wakaunganisha waya upya. Mvua ilipokatika akaingia mwanamke wa makamo, mfanyabiashara wa vitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, gauni lake la gomesi la zambarau limelowa upindo.

"Nyabo, dada, mwanangu anasumbua. Anataka hedfoni ya gemu. Ipi nzuri? Mimi sijui chochote."

Nerima alimkalisha kwenye kiti, akamweleza afumbe macho na aonyeshe hatua zinakotoka. Alimvika stirio. Mwanamke alisikiliza kwa makini kama aliyeko kanisani, kisha akacheka kwa mshangao.

"Banange! Mtu anatembea! Anatoka huko kwetu, Uganda." Akanyoosha mkono wake wa kulia, kuelekea mpakani.

Nerima aliitazama skrini. Ni kweli. Hatua zilitoka kulia.

Aligutuka. Aliutazama ule mkono ulionyooshwa, akaitazama skrini, kisha akautazama ukuta wa zamani, mahali meza iliposimama miezi yote ya mazoezi. Pale, ukikaa kiti kile, Uganda ilikuwa kushoto. Hapa, ukikaa kiti hikihiki, Uganda ilikuwa kulia. Yeye alikuwa akigeuka kuelekea Uganda yenyewe, ile yenye malori na polisi na wauza ndizi. Na Omuse je? Chumba cha Hillary huko Malaba, kama Omuse alivyomsimulia, kilikuwa na skrini zote ukuta mmoja. Watu wamekaa wakiutazama ukuta huohuo kwa miaka, na Uganda iko mkono wao wa kushoto kila siku.

Omuse hakuita vibaya. Aliita kushoto.

"Nyabo? Unaumwa?" aliuliza mwanamke.

"Hapana, mama. Mchukulie mwanao stirio," alisema Nerima, na sauti yake ikamshangaza yeye mwenyewe kwa ukubwa. "Hiyo ndiyo nzuri. Dada Teresa, naomba ruhusa. Nakwenda Malaba."

* * *

Alifika Malaba kukiwa bado mchana, amevaa gauni la samawati kwa sababu hakuwa na sababu nyingine ya kulivaa. Chumba cha Hillary kilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, kimejaa makarani wanaosubiri mizigo ipite na matanboi, wasaidizi wa malori, wanaosubiri madereva. Omuse alikuwa kwenye kiti cha pembeni, ameelekea skrini, kizibao cha njano mabegani, hedfoni shingoni, hachezi. Alipomwona Nerima mlangoni akasimama nusu, akakaa tena.

"Huyo!" alisema Hillary. "Umekuja kutuuzia nini leo?"

Nerima alipita katikati ya magoti ya watu mpaka kwa Omuse.

"Nyoosha kidole upande wa Uganda," alisema.

"Nini?"

"Bila kufikiri. Uganda."

Omuse, akimtazama kwa mashaka, alinyoosha mkono wa kushoto. Nje ya ukuta ule, malori yalikuwa yakinguruma kuelekea daraja.

"Sasa simama." Alimshika bega. Hakuwa amewahi kumshika mbele ya watu. Akamgeuza taratibu mpaka akaupa mgongo ukuta wa skrini. "Umekaa kwenye fainali. Upande wa ng'ambo ya meza. Hatua zinatoka kushoto. Ita."

"Ugan..." Mkono wa kushoto wa Omuse ulikuwa umeshanyooka. Ulikuwa umeelekea Bungoma, upande wa Kenya. Aliutazama kama si wake. Polepole aligeuza kichwa upande wa kulia, zinakotoka ngurumo za malori, na rangi ikamtoka usoni.

"Mungu wangu," alisema.

"Mimi niligeuka Uganda," alisema Nerima. "Ile Uganda uliyoniambia nigeuke. Sikujua kwamba kwenu ni jina la mkono."

Tanboi mmoja aliinua kidole chake, akajizungusha akijaribu, akakubali kwa kichwa. Hillary alikuwa amekaa juu ya kreti ya soda, mdomo umemlegea.

"Kwa hiyo si stirio," alisema Hillary kwa sauti ndogo.

"Stirio ilisema kweli. Robinson alikuwa kushoto. Nilimsikia."

Omuse aligeuka. "Ulimsikia? Ulisikia kushoto, na bado ukageuka kulia?"

"Wewe ulisema Uganda."

"Nerima, masikio yako ni makali kuliko yangu. Unajua hivyo. Kwa nini hukuyafuata?"

"Kwa sababu nilikuamini wewe kuliko masikio yangu." Nerima alimtazama machoni. "Na baadaye nilidhani umeita vibaya. Sikutaka watu wako wajue. Nikaona heri wanicheke mimi."

Omuse alikaa chini. Alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, macho yalikuwa mekundu.

"Nimekuacha umekaa Jumapili nzima," alisema. "Nimeacha watu waseme Robinson, Robinson, na mimi nikanyamaza. Nisamehe, mpenzi. Nisamehe kabisa. Tutaomba mechi ya marudiano. Nitawaeleza wote. Nitapanda juu ya lori nitangaze. Na Jumapili hii, kama bado unaweza, kama hutaona vibaya, tunaweza kupita nyumbani tunywe chai tu, hata si lazima mama ajue ni..."

Hillary alianza kunyanyuka awaachie nafasi.

"Hillary, kaa," alisema Nerima. "Wote kaeni. Mlisikia yale mengine, na hili msikie."

Watu wakakaa. Omuse alikuwa akimtazama kutoka chini, mikono imelegea magotini, akisubiri, na Nerima akajua kwamba akimwambia sawa tu, mambo yatapoa, watakunywa chai, na yeye atabaki na neno lake kifuani mpaka mwaka mwingine. Alivuta pumzi.

"Hukuniumiza kwa kushindwa, Omuse. Uliniumiza kwa sababu wewe, unayeongea kutwa nzima, ulishindwa kuniuliza swali moja kamili: Nerima, kwa nini uligeuka? Ningekujibu. Ningechelewa, lakini ningekujibu. Sasa mimi sitaki chai. Nakupenda. Nilikupenda tangu uliponiuliza mimi ningechagua ipi, na nilitaka kukwambia siku ile ulipomtaja mama yako, nikashindwa. Nataka kwenda Amukura Jumapili hii mchana kweupe, nimevaa gauni hili, na umwambie mama yako mbele yangu kwamba huyu ndiye utakayemwoa. Kama hutaki, niambie hapahapa. Lakini mimi ninachotaka ni hicho."